Ngome Iliyoliwa kutoka Chini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, ajuaye kilicho juu ya ardhi na kilichofichika chini yake. Rehema na amani zimshukie bwana wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

 Naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu mbele za watu na faraghani.

Leo sitaanza na habari za kina Adi, ingawa tutawafikia. Nitaanza na bonde moja la mashambani, magharibi mwa Ujerumani, kati ya miji ya Köln na Mönchengladbach. Unapita hapo mto mdogo uitwao Erft. Si mto wa kutisha. Maji yake ni ya polepole, na zamani kingo zake zilikuwa za kinamasi. Kando ya mto huo paliwahi kuwa na ngome. Ukienda leo kuitafuta, hupati hata jiwe la kukalia.

Sisi watu wa pwani tunayajua magofu. Mtu akizuru Gede au Kilwa Kisiwani hukuta ukuta wa matumbawe, hukuta kibla cha msikiti, hukuta kisima, akaweka mkono wake juu ya kazi ya mkono wa mwenzake aliyetangulia. Kule ninakokusimulieni hata gofu hakuna. Na si gofu tu: ile ardhi yenyewe iliyolibeba gofu imechimbwa ikaondolewa. Sasa tulieni niwaeleze palivyokuwa, kisha tujiulize kwa nini jambo hili linatuhusu sisi tulioketi kwenye mikeka hii.

Yapata miaka 1,100 iliyopita, ukoo mmoja wa watu wenye nguvu ulijenga nyumba zake za mbao kwenye tambarare ya mto ule. Nchi ile haina majabali ya kupandia, basi wakajilinda kwa maji. Walichimba handaki kuzunguka makazi yao, wakaliacha maji ya mto yaingie. Handaki la maji lina hekima yake: adui akija na farasi, farasi anazama topeni, akija na ngazi, hana pa kuisimamisha, akija na moto, maji yako tele. Mahali hapo baadaye pakaitwa Husterknupp.

Lakini mwanadamu hatosheki. Waliona tambarare haitoshi, wakarundika udongo juu ya sehemu ya makazi yao wenyewe, wakafanya kilima kidogo, wakajenga juu yake. Vizazi vikapita, kilima nacho kikaonekana kifupi, wakakiongeza, kikawa kilima kirefu cha kutengenezwa kwa mikono, chenye ngome juu na maji chini. Tunayajua haya kwa sababu mwaka 1934, kisha tena kati ya mwaka 1949 na 1951, wanaakiolojia walipachimba. Katika uchimbaji wa pili walisimamiwa na Adolf Herrnbrodt. Udongo ule uliolowa maji ulikuwa umezinyima mbao hewa, na mbao isiyopata hewa haiozi haraka. Wakakuta vigingi na mbao za nyumba zikiwa chini ya udongo, makazi ya babu chini ya kilima cha mjukuu.

Hebu liangalieni jambo hili kwa karibu. Sakafu ambayo mama aliifagia asubuhi, kizingiti alichokalia mzee akiota jua, vyote vikafukiwa na watu wa nyumba hiyohiyo ili wao wawe juu zaidi. Nabii Hud (a.s.) aliwauliza watu wake kwa nini wanajenga minara kila palipoinuka, na kujifanyia majumba kana kwamba wataishi milele. Swali lile halikuwa la kina Adi peke yao. Huulizwa kila anayerundika udongo juu ya jana yake ili leo aonekane mrefu.

Ngome hiyo ilikuwa kitovu cha wakabaila wa Hochstaden, ukoo uliotajwa na kuogopwa katika nchi ile. Katika ukoo huo alitoka Konrad, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Köln kuanzia mwaka 1238 hadi alipokufa mwaka 1261. Alikuwa mtu wa vita na siasa. Aliwahi kutekwa na kufungwa na hasimu wake. Akatoka, akaendelea, akafikia kumtawaza mfalme huko Aachen mwaka 1248. Mwaka huohuo, tarehe 15 Agosti, aliweka jiwe la msingi la kanisa kuu la Köln. Jengo hilo alilolianza yeye lilikamilika mwaka 1880, miaka 632 baadaye.

Na ule ukabaila wa baba zake? Mrithi wa mwisho alifariki mwaka 1246, na nchi yote ya Hochstaden ikakabidhiwa kwa uaskofu wa Köln na Friedrich, ndugu yake Konrad. Ukoo ulioinua kilima kwa vizazi na vizazi haukubaki na wa kukipanda. Mwenyezi Mungu huwapokeza watu siku hizi, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Ndugu zangu, mwendo mfupi kutoka Husterknupp, kwenye kijiji cha Morken-Harff, ilikuwepo ngome nyingine ya handaki la maji, iitwayo Harff. Hiyo ilidumu, ikarekebishwa kizazi baada ya kizazi, ikawa kasri. Jina la ukoo wa Harff alilichukua mtu mmoja ambaye nataka mmjue: Arnold von Harff. Mwezi Novemba mwaka 1496, angali kijana, alitoka Köln kwenda katika hija za dini yake ya Kikristo. Alifika Roma na Venice, akavuka bahari hadi Misri, akaingia Kairo, akaenda mlima wa Sinai na Yerusalemu. Njiani aliandika maneno ya lugha alizokutana nazo, Kiarabu na Kituruki, Kiebrania na Kialbania, namna ya kuomba mkate na maji, namna ya kuhesabu. Ni kazi nzuri, na wataalamu wa lugha wanaithamini hadi leo.

Lakini katika kitabu chake Arnold akaongeza mengine. Akaandika kwamba alifika Makka. Akaandika kwamba kutoka Arabuni alipanda chombo hadi Sokotra, akafika Madagaska, akaenda hadi chanzo cha mto Nile, kisha akateremka na mto mpaka Kairo. Yaani kwa maandishi yake amepita kwenye bahari yetu hii, miaka ileile ambayo Vasco da Gama alitia nanga kweli Mombasa na Malindi, mwaka 1498. Wataalamu waliokichunguza kitabu wanasema sehemu hiyo ni ya kutunga. Aliichota kwenye vitabu vya waliomtangulia. Arnold alifariki mwaka 1505, na kitabu kikachapwa Köln mwaka 1860.

Tazameni hasara hiyo. Safari yake ya kweli ilitosha kumpa heshima. Aliona Sinai kwa macho yake! Lakini kile alichokiongeza ili aonekane zaidi ndicho kinachoutia doa ukweli wake. Naye amejenga kilima juu ya nyumba yake mwenyewe.

Basi ngome ya kilima na kasri la Harff viliishaje? Mtasema vilivunjwa na adui. Bonde lile limeona majeshi mengi, ndiyo. Lakini kilichoviondoa kabisa duniani hakikuja na farasi wala ngazi. Kilikuwa chini.

Chini ya bonde la Erft kuna makaa ya kahawia. Ni misitu na vinamasi vya zama za kale vilivyozikwa mamilioni ya miaka kabla mtu yeyote hajajenga chochote pale. Yule wa kwanza alipotia jembe kuchimba handaki, makaa yalikuwepo chini ya jembe lake. Watu walipobeba udongo wa kilima, yalikuwepo chini ya nyayo zao. Konrad alipotajwa katika nchi nzima, yalikuwepo. Arnold alipoaga kwenda safari, yalikuwepo. Handaki lilitazama nje. Walinzi walitazama nje. Hakuna hata mmoja aliyetazama chini.

Karne ya 20 ilipofika, Ujerumani ikataka umeme, na makaa yale yakahitajika. Machimbo ya wazi hayachagui: kila kilicho juu ya makaa huondolewa kwanza. Husterknupp ilichimbwa na wanaakiolojia kwa haraka kwa sababu mashine zilikuwa zinakuja, na kilichobaki baada yao kikaenda na udongo. Kijiji cha Morken-Harff kikahamishwa, watu wake wakapelekwa makazi mapya Kaster. Kasri la Harff likabomolewa mwaka 1972. Na jambo la kuzingatia ni hili: ili kuyafikia makaa, kwanza hupigwa pampu maji ya ardhini yashuke. Maji ambayo kwa mamia ya miaka yalikuwa mlinzi wa ngome za bonde lile ndiyo yaliyotangulia kuondolewa.

Mitambo inayofanya kazi katika machimbo ya eneo hilo si ya kuelezeka kirahisi. Mmoja wao ulijengwa mwaka 1978, una uzito wa tani 13,500 na kimo cha mita 96, nao huchimba kwa gurudumu lililofungwa ndoo kubwa. Mbele ya gurudumu kama hilo, handaki ni nini? Kilima cha vizazi na vizazi ni asubuhi moja ya kazi.

Na wafu nao hawakuachwa. Mwaka 1955, chini ya kilima cha kanisa la Morken, lilipatikana kaburi la kiongozi mmoja wa Wafranki aliyezikwa yapata mwaka 600, miaka michache kabla Mtume wetu (s.a.w.) hajapewa utume. Alizikwa na silaha zake, na kofia ya vita iliyopambwa kwa dhahabu, na sarafu ya dhahabu ya mfalme wa Rumi. Leo vitu vyake viko jumba la makumbusho mjini Bonn. Vilimsubiri miaka zaidi ya 1,300 hapo alipolala, asivitumie hata kimoja, kisha vikachukuliwa na wageni. Waswahili tumesema sanda haina mfuko. Yule alizikwa na mfuko, na bado haukumfaa.

Tahadharini hapa. Sisemi kwamba watu wale waliadhibiwa. Hukumu ya waja ni ya Mola wao, nasi hatukupewa daftari lake. Walikuwa wanavijiji waliolima, waliozaa, waliozika wazee wao, na mtu anayeona kijiji cha baba yake kinageuka shimo anastahili huruma yetu. Ninachosema ni kwamba Mwenyezi Mungu ametuamrisha tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotangulia, na mwisho huu una somo ambalo Qur'ani ilitusomesha zamani.

Katika Surat An-Nahl tunasimuliwa waliopanga vitimbi, na jengo lao likaendewa kwenye misingi, dari likawaporomokea kutoka juu, adhabu ikawajia wasikoitazamia. Katika Surat Al-Hashr tunasimuliwa waliodhani ngome zao zitawakinga, wakafikiwa kutoka upande wasioudhania. Na katika Surat At-Tawba kuna ulinganisho: mtu aliyeweka msingi wa jengo lake juu ya kumcha Mungu na kutafuta radhi zake, na mtu aliyeuweka ukingoni mwa genge linalomomonyoka. Angalieni, jengo la huyu wa pili halikusemwa kuwa bovu. Huenda kuta zake zilikuwa nzuri kuliko za mwenzake. Ubaya ulikuwa chini.

Nikupeni kisa changu mwenyewe. Mwaka juzi katika mtaa wetu wezi walizidi. Nami nikainua ukuta, nikapanda vipande vya chupa juu, nikaweka geti la chuma na kufuli kubwa la kununua mjini. Usiku nikilala, nalala nikijisifu. Siku moja mwanangu mdogo anacheza mlangoni, akaniita: "Baba, njoo uone." Alikuwa amebonyeza fremu ya mlango wa chumba changu kwa kidole gumba, na kidole kimezama hadi fundo. Nje rangi inang'aa, ndani ni unga. Mchwa. Walipanda kutoka chini ya sakafu, wakala mbao kimya kimya, wakaacha rangi tu imesimama. Fundi alipokuja alicheka, akaniambia, "Mzee, wewe ulimfungia mwizi, hawa ulikuwa unalala nao." Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi tuulizane, ndugu zangu: sisi mahandaki yetu tumeyachimba upande gani?

Tunalinda mali isiibwe, lakini hatuulizi imeingiaje. Kuna nyumba ya ghorofa mbili ina walinzi na mbwa, na kiwanja chake ni cha yatima waliohamishwa kwa hila ya karatasi. Kuna duka lina kamera kila pembe, na mizani yake imechokonolewa. Kuna mirathi iliyokaa miaka kumi haijagawanywa, kaka mkubwa anakula kodi ya nyumba ya marehemu, na dada zake kila wakiuliza wanaambiwa, "Tutazungumza baada ya Idi." Idi ngapi zimepita? Mwizi akija kwenye nyumba hiyo utapiga kelele, majirani wajae. Lakini kilichoko chini ya msingi ni haki ya dada yako, na hiyo haina kelele. Inasubiri, kama makaa yalivyosubiri.

Tunalinda ibada zetu zionekane, lakini hatulindi nia. Arnold aliifikia Makka kwa kalamu bila miguu. Sisi tunao wanaoifikia kwa miguu bila moyo. Mtu yuko mbele ya Kaaba, machozi ya watu yanamwagika kulia na kushoto, yeye ananyoosha mkono kutafuta upande mzuri wa picha. Anarudi nyumbani, asipoitwa Al-Haji anakasirika. Mwingine anatoa sadaka ya mchele, na yule mjane anayepokea lazima ashike gunia atazame kamera. Ndugu yangu, ule mchele ni amali njema, ungeliweza kusimama peke yake. Kwa nini unaurundikia udongo juu ili uonekane mrefu? Mtume (s.a.w.) aliwahofia maswahaba wake ile shirki ndogo, nayo ni riya. Aliwahofia wao, watu wa Badr na Uhud, sisi je?

Na tunalinda watoto wetu dhidi ya mtaa, geti limefungwa, lakini ndani ya geti mtoto anamsikia baba akipokea simu na kusema, "Niko njiani," naye amekaa kwenye kochi. Ukuta huo unamzuia nani?

Sasa dawa. Fundi wangu hakuongeza vipande vya chupa ukutani. Alifumua sakafu. Ilikuwa chafu, ilikuwa gharama, na kwa siku nne tulilala sebuleni. Hakuna njia nyingine ya kutibu kilicho chini ila kufika chini. Wanazuoni wetu wamefundisha kwamba toba ina masharti: kuacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia. Na kama ndani yake kuna haki ya mja, sharti la nne ni kumrudishia haki yake au kuomba msamaha wake. Wengi tunayamaliza matatu ya kwanza msikitini, kwa machozi, na la nne tunaliacha nje pamoja na viatu.

Leo baada ya Maghrib, kaa peke yako na daftari. Usiandike maadui zako. Hao unawajua kwa majina. Andika kilicho chini yako: deni la nani, kiwanja cha nani, mshahara wa nani ulioukata bila haki, neno gani ulilomzulia nani. Chagua moja, lile dogo kabisa, ulimalize kabla ya Ijumaa ijayo. Usingoje uwe na uwezo wa kuyamaliza yote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa msingi hauzibwi na ukuta.

Na wewe mwenye mali, usiogope kutoka mikono mitupu ukirudisha haki za watu. Bonde la Erft limechimbwa, ngome imekwenda, lakini wataalamu bado wanamsoma Arnold kwa sababu ya yale maneno machache aliyoyasikia kwa masikio yake na kuyaandika kwa ukweli, namna ya kuomba mkate na maji. Kasri halikumsaidia. Uongo haukumsaidia. Kidogo cha kweli ndicho kilichosalia. Ikiwa duniani mambo yako hivyo, itakuwaje kwa Mola ambaye hata uzito wa chembe ya hardali haupotei kwake?

Ewe Mola wetu, turuzuku cha halali kidogo kinachotosha, utuepushe na cha haramu kingi kinachotula. Zitakase nia zetu na macho ya watu. Wape wenye haki zilizo mikononi mwetu haki zao kabla hatujawaacha, na utupe ujasiri wa kufumua sakafu zetu wenyewe kabla hazijafumuliwa. Waghufirie wazee wetu waliotangulia, waliolala katika ardhi tulivu na waliolala katika ardhi iliyochimbwa. Amin.